Kumgeuzia Bonny Gari

Zubairi Marjan alizima grenda kwa mara ya tatu asubuhi ile, akavua miwani ya kazi na kumtazama shemeji yake kama unavyomtazama mgonjwa anayekataa dawa.

"Saverio, mimi nauliza mara ya mwisho. Nikikata hapa, hapana rudi."

"Kata."

"Hii si kiraka ya bati. Hii ni dashibodi ya mwenyewe, ile ilizaliwa nayo. Hakuna ingine Kampala yote."

"Shemeji, kata."

Zubairi akatema mate pembeni, akamwomba Mungu msamaha kwa Kinubi, lugha ya kwao, lakini hakuwasha mashine. Akaenda kwanza kunywa maji. Fundi akitaka kuchelewesha kazi asiyoipenda, hana kiu ndogo.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun ya milango miwili, rangi ya chungwa, pua ndefu na mgongo ulioinama, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka na wasio na watoto wengi. Saverio Okidi alilinunua likiwa mzoga kwenye mnada, enzi zile akiwa dereva kijana wa polisi anayeishi kambini Naguru. Alilisukuma mpaka gereji ya mzee Marjan kule Kibuli, na matengenezo yakachukua muda mrefu hivi kwamba injini ilipokuja kunguruma, Saverio alikuwa anamposa Maimunah, binti wa mwenye gereji, dada yake Zubairi, aliyekuwa akileta chai. Watu wa Kibuli wakacheka wakisema yule Mwacholi alileta gari bovu akaondoka na binti mzima.

Kila mmoja alibaki na dini yake. Saverio Jumapili kanisani, Maimunah Ijumaa msikitini, na nyumbani wakakutana katikati kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichokuwa cha kabila la mtu wala kitabu cha mtu. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Bonny, akafunga mkono.

Sasa ukitaka kujua kwa nini mzee mwenye akili timamu anaagiza gari lake lichinjwe, sikiliza ujumbe wa sauti uliokuwa kwenye simu yake. Ulikuwa wa Bonny, kutoka Juba.

"Mzee, habari. Ile gari, wewe nasema toka zamani ni yangu. Sasa nataka. Lakini huku magari napita kulia, usukani lazima iko kushoto, kama si hivyo polisi nasumbua kila siku. Peleka kwa Mjomba Zubairi, ageuze. Ikimalizika, sema. Takuja chukua."

Basi. Hakuna "umeamkaje", hakuna "unaishije". Lakini Saverio aliusikiliza ujumbe huo kitandani, akausikiliza akinyoa ndevu, akausikiliza juu ya pikipiki ya boda, toka kwake Bukoto mpaka Kibuli, huku akiibana simu sikioni chini ya kofia ngumu.

"Takuja," alimwambia Zubairi siku alipolileta gari. "Umesikia? Takuja."

"Nani takuja?" Zubairi akauliza.

"Bonny. Nani mwingine?"

Zubairi alikuwa na neno la tahadhari, lakini uso wa shemeji yake ulikuwa umeng'aa, na tangu Maimunah afariki hakuwa ameuona uso ule ukifanya hivyo.

Kifo cha Maimunah ndicho kilichokata kamba. Alifariki alfajiri, na kwa desturi za kwao ilitakiwa alasiri awe ameshapumzika Bombo, walikozikwa wazee wake. Bonny alikuwa njiani kutoka Juba, anaendesha kama mwendawazimu, anapiga simu kila palipo na mtandao. "Ngojeni. Msimfunike. Mimi nataka ona mama yangu." Saverio alisimama uani kwa wakwe zake na simu mkononi, Mkatoliki peke yake katikati ya kofia na kanzu, ulimi ukamwia mzito. Alimnong'oneza Zubairi. Zubairi akamjibu kwa upole kabisa kwamba maiti hangojewi, na kweli hangojewi, ndivyo walivyokuta na ndivyo watakavyoacha. Ukitafuta aliyekosea hutampata. Wakazika. Bonny alipopewa habari alikuwa amefika daraja la Karuma, juu ya mto Nile, saa chache tu toka kaburini, na pale pale darajani akageuza gari akarudi alikotoka.

Tangu siku hiyo Saverio akipiga simu, inaita mpaka inachoka. Sikukuu zimepita, Krismasi na Idi, zote mbili ambazo nyumba yao ilikuwa ikizisherehekea bila ubaguzi. Ujumbe ule wa gari ulikuwa sauti ya kwanza ya mwanawe kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo hakusikia habari za usukani. Alisikia mtoto anarudi. Alitaka jambo moja tu duniani: Bonny aje, wapande gari lile wawili, waende Bombo, wasimame juu ya kaburi la Maimunah, na amwambie mwanawe pale pale kwamba alipaswa kupaza sauti siku ile hata kama isingesaidia kitu. Kama nauli ya jambo hilo ni gari, basi gari likatwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Zubairi alimaliza maji yake. Akawasha grenda, na safari hii hakuizima.

Cheche ziliruka, plastiki kuukuu ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Tundu la usukani mpya lilibidi lipite upande wa kushoto wa dashibodi, mahali palipochakaa na kung'aa kwa sababu ya kiganja cha Maimunah. Kila Saverio alipokanyaga mafuta, mkewe alikuwa akishika hapo kwa nguvu na kucheka, "Polepole, bwana, mimi si mwizi wewe nakamata!" Kile kipande kilianguka sakafuni kikiwa na ukubwa wa sahani. Saverio akakiangalia. Alisikitika, na aliona aibu pia, kama mtu aliyeuza kitu kisicho chake.

Watu wanadhani kuhamisha usukani ni kama kuhamisha kiti toka upande huu wa meza kwenda ule. Waulize mafundi. Nyuma ya usukani kuna ukoo mzima: pedeli tatu, pampu ya breki, bomba la klachi, waipa zinazofagia kuelekea huku na sasa zinatakiwa zifagie kule, mpaka taa za mbele, ambazo zimefundishwa kuangalia ukingo wa kushoto na lazima zifundishwe upya. Ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva ukatobolewa upande mmoja na kuchomelewa upande wa pili. Reki ya usukani, kile chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu, ilitoka Bunia, Kongo, ndani ya gunia, kwa mfanyabiashara aliyeapa kwa mama yake mzazi kwamba imetoka kwenye gari la aina ile ile. Haikutoka. Zubairi aliipiga tupa, akaipima, akaipiga tena, akamtaja yule mama kwa maneno ambayo hatutayaandika.

Kisha ikaja taabu ya moshi. Bomba la kutolea moshi kwenye injini hiyo liko kushoto, palepale nguzo ya usukani ilipotakiwa kupita, na kila walipojaribu, nguzo ilikwaruza bomba. Siku hiyo Zubairi alikaa chini na kuegemeza kichwa kwenye tairi.

"Hii gari hapana taka," alisema. "Mimi nafanya kazi hii toka mtoto. Gari ingine unageuza, inakubali. Hii nakataa."

"Kama nakataa, ilazimishe," Saverio akasema.

"Na kama ikimalizika na yeye hapana kuja?"

"Nani?"

"Wewe najua nani."

Saverio alisimama. Hakuwa mtu wa hasira, lakini safari hii ilimpanda. "Zubairi, wewe nafunga mtu mdomo mara moja katika maisha. Mara ya pili hapana."

Hilo lilimpata Zubairi mahali pake. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka mlimani, akanawa, akaenda kuswali, na aliporudi akaanza kutengeneza kiungo cha kuipinda nguzo ikwepe lile bomba. Hakuuliza tena.

Wakati huo Saverio alikuwa na kazi zake Bukoto. Alipaka rangi chumba cha pili, akanunua godoro jipya, akalilalia mwenyewe kidogo kulijaribu. Akazunguka sokoni kutafuta odii, ile siagi ya simsim, akarudisha kopo la kwanza kwa sababu lilinuka uzee. Bonny akiwa mdogo angeweza kuila kwa kidole mpaka aumwe tumbo. Sasa alikuwa mtu wa makamo, pengine hata haipendi tena, na wazo hilo lilimkalia mzee shingoni usiku mzima kama mfupa.

Gari likakamilika. Lilisimama mbele ya gereji na usukani wake kushoto, zuri kwa mbali, na kwa karibu limejaa makovu. Zubairi akampa funguo. Saverio, aliyewaendesha wakubwa wa polisi kwa miaka yote ya utu uzima wake bila kumwaga chai ya mtu, akaingia, akawasha, akashuka nalo mteremko wa Kibuli. Ilikuwa fedheha. Mkono wake wa kushoto ulitafuta gia ukagonga mlango. Macho yalitafuta kioo mahali pasipo na kioo. Gurudumu la kulia lilivuka katikati ya barabara bila yeye kujua, na kijana wa boda, Mganda, akapiga breki na kupiga kelele.

"Laiti, mzee! Gali iko laiti sana! Laiti!"

Alikuwa anasema "raiti", maskini, kwamba gari limeenda kulia mno. Ulimi wa watu wa hapa hauna ugomvi na l wala r. Lakini Saverio alikuwa amesoma Kiswahili cha mitihani ya polisi, na humo neno hilo lina maana nyingine kabisa, ni neno la mtu anayetamani jana iwe leo. Alisimamisha gari kando ya mtaro, mikono kwenye usukani, akashindwa kuondoka. Zubairi ndiye aliyekuja kwa miguu kulirudisha.

Kurudi, Saverio alikaa kulia, kiti cha abiria. Hakuwahi kukaa kwenye gari lile bila kuliendesha. Akajiambia kwamba afadhali iwe hivyo. Bonny ataendesha, mimi nitakaa hapa. Akajaribu kimoyomoyo maneno atakayomwambia wakipita Kawempe, na yale atakayoyaacha mpaka wafike Bombo.

Akatuma ujumbe: Imemalizika. Jibu likaja siku ileile, jambo lisilo la kawaida. "Sawa. Jumamosi."

Jumamosi alivaa koti lile alilolivaa siku alipostaafu polisi. Alikuwa gerejini kabla Zubairi hajafungua, akalifuta gari vumbi ambalo halikuwapo. Wanasema subira yavuta heri, na walewale wanasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Chagua unayoitaka. Saverio alikuwa na zote mbili kwa pamoja, anatabasamu huku ameshika tumbo.

Karibu na saa sita boda ikasimama. Akashuka mtu mnene, mpole wa sura, na begi dogo begani. Akamsalimia Saverio kwa Kiacholi, kisha kwa heshima ya Zubairi akahamia Kiswahili.

"Mimi naitwa Obwona. Natoka Juba na basi. Nimekuja chukua gari."

Saverio alitazama nyuma ya mgeni, barabarani. "Na Bonny?"

"Bonny iko Juba."

"Nakuja nyuma yako?"

"Hapana, mzee. Bonny iko na kazi yake." Obwona alikuwa amekwishaanza kulizunguka gari, akilipapasa paa kwa furaha. "Kweli ni nzuri kushinda picha. Mimi nafanya biashara ya magari ya harusi. Bonny naniuzia hii, nasema baba yake iko na fundi mzuri wa kugeuza. Bibi harusi za Juba tapigana juu ya hii gari!"

Alipogeuka, aliona kwamba hakuna anayecheka pamoja naye.

"Kuna makosa," Saverio alisema taratibu, kama anavyozungumza askari kwenye kizuizi. "Bonny nasema nakuja yeye. Niko na sauti yake." Akatoa simu. Akabonyeza vibaya, akabonyeza tena. Wanaume watatu wakainamisha vichwa juu ya simu moja, na sauti ya Bonny ikatoka: ikimalizika, sema. Takuja chukua.

Ole wa Kiswahili kile cha kambini. Kwa watu wa pwani kitendo huwa na kichwa: nitakuja, atakuja, na mtu hapotei. Kambini kichwa kilikatwa zamani, wakasema mimi takuja, wewe takuja, yeye takuja, na siku msemaji akiwa na haraka akaliacha na lile "mimi" au "yeye", msikilizaji hubaki na kitendo kisicho na mwenyewe. Humvalisha amtakaye. Saverio alikuwa amemvalisha mwanawe.

Obwona aliangalia viatu vyake. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "nafikiri ni mimi."

Saverio akapiga simu. Safari hii haikuita mara mbili; Bonny alikuwa anasubiri habari za gari. Mzee alikuwa amezoea kuweka sauti ya juu kwa sababu ya sikio lake, kwa hiyo wote walisikia.

"Amefika?" Bonny aliuliza.

"Amefika. Bonny, wewe ulisema takuja."

"Ndiyo. Si amekuja?"

"Mimi nasikia ni wewe."

Nyuma ya Bonny palisikika magari, na mtu akiita jina la mtu mwingine.

"Mimi nakuja huko kwa nani, Mzee?" Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali! Alisema kama anayeuliza njia. "Mtu yangu huko alikuwa mmoja. Mlimfunika."

"Mimi niko," Saverio alisema.

"Mpe funguo, Mzee. Yeye nataka fika mpakani Elegu mapema."

Zubairi aligeukia ukuta, mabega yakimcheza. Saverio alikuwa bado ameishika simu mbele ya kifua chake kwa mikono miwili. Hakuikata, na kule upande wa pili pia haikukatwa, na pengine ni hilo lililompa Obwona ujasiri. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wana haraka. Akaona njia, akaifuata.

"Bonny, mimi Obwona," alisema, akiinamia simu. "Sikiliza. Hii usukani iko kushoto, na barabara ya Uganda napita kushoto. Kupita gari ingine mimi hapana ona mbele. Nahitaji mtu wa kukaa kulia, aniangalilie barabara. Mzee ni dereva. Nakuja naye? Mpaka Juba. Anafika kwako, nalala, namrudisha na basi."

Uso wa Saverio uliinuka. Mungu amsamehe Obwona kwa hilo. Koti alikuwa amelivaa tayari, na kwa mtu anayekwenda kumwona mwanawe, begi la nini? Aliizunguka pua ndefu ya lile gari mpaka upande wa kulia, akafungua mlango wa abiria, akasimama akiushika, akisubiri jibu litoke kwenye simu aliyomwachia Obwona mkononi.

"Obwona," sauti ya Bonny ikasema.

"Ndiyo."

"Leta gari tu."

Simu ikakatika. Obwona hakujua aiweke wapi. Mwishowe akaiweka juu ya boneti, polepole, kana kwamba ni yai. Hakuweza kumtazama mzee. Zubairi akasema, "Shemeji."

Saverio aliufunga mlango wa abiria. Aliufunga vizuri, kwa kuusukuma kidogo na kuuinua, kwa sababu bawaba zake zilikuwa zimelegea tangu zamani na yeye ndiye aliyejua. Akatoa funguo mfukoni, akampa Obwona. Kisha akamsimamia dirishani mpaka alipoketi, akamwonyesha waipa, akamwonyesha taa, akamwambia gia ya pili inataka subira.

"Na kule mbele, baada ya Bombo, malori ni mengi," alisema. "Ukiwa nyuma ya lori, usipite. Upande huo hapana ona mtu. Wewe kaa nyuma yake tu."